Mwanafunzi wa Kiswahili Aliyenyimwa Pasipoti

Mwaka 1934, katika studio za filamu nje kidogo ya London, mafundi walijenga kijiji cha Kiafrika. Walisimamisha vibanda vya nyasi, wakaleta mitumbwi na ngoma, kisha wakawaajiri wanaume Weusi waliokuwa wakiishi Uingereza, wengi wao mabaharia na vibarua wa bandarini, wakawavika ngozi na manyoya wawe wanakijiji. Miongoni mwa waliovikwa alikuwemo Mkikuyu mmoja wa makamo, ambaye chama chake cha siasa kilikuwa kimemtuma Uingereza kudai ardhi ya watu wake. Maisha ya London yalikuwa ghali, na mfuko wake mtupu. Katika filamu hiyo alipewa nafasi ndogo ya chifu. Jina lake lilikuwa Johnstone Kenyatta, na Desemba 1963 ndiye aliyeiongoza Kenya kuingia katika uhuru.

Nyota wa filamu hiyo, *Sanders of the River*, alikuwa Mmarekani Mweusi mwenye umri wa miaka 36, mrefu kupita kiasi, kifua kama cha mbeba magunia, na sauti ya besi iliyojaza ukumbi hata bila kipaza sauti. Huyo ndiye Paul Robeson. Aliukubali mchezo huo kwa sababu aliamini ungeonyesha dunia utamaduni wa Mwafrika kwa heshima. Wapigapicha walikuwa wametumwa Afrika, wakarudi na nyimbo na ngoma za kweli, naye alipozisikia alitetemeka moyoni, kwa kuwa kulikuwa na maneno ndani yake aliyoyatambua.

Aliyatambua kwa sababu wakati huohuo alikuwa mwanafunzi. Alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki cha London, kile ambacho baadaye kiliongezewa Afrika katika jina lake, akasoma fonetiki na lugha za Kiafrika. Kiswahili kilikuwa mojawapo.

Hapo inafaa tusimame kidogo. Sisi tulionyonya Kiswahili pamoja na maziwa hatuoni ajabu ya ngeli wala ya kitenzi kimoja kubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya pumzi moja. Lakini fikiria mtu mzima, mwimbaji ambaye tayari majina ya kumbi kubwa za Ulaya yameandikwa kwenye mikataba yake, anakaa darasani kama mtoto wa shule kujifunza hayo. Wala mababu zake hawakutoka pwani yetu. Ukoo wake ulikuwa umepelekwa utumwani Amerika, na yeye mwenyewe aliamini asili yao ilikuwa Afrika Magharibi. Alichokitafuta ni kitu kikubwa kuliko kijiji cha babu. Alikuwa amefundishwa tangu utoto, kama Watu Weusi wote wa Marekani, kwamba Afrika ni giza tupu, kwamba mtumwa alivushwa bahari hana lugha, hana fikra, hana wimbo. Yeye akataka kwenda kuthibitisha mwenyewe, kwa masikio yake. Aliyoyakuta aliyaandika katika magazeti ya Uingereza mwaka huohuo wa 1934: kwamba lugha hizi zina utajiri wa kueleza mawazo magumu, kwamba mdundo wake unafanana na ule wa nyimbo alizoimbiwa kanisani na baba yake, na kwamba Mmarekani Mweusi anayeiga Wazungu huku akiikataa Afrika anajikata mzizi wake mwenyewe.

Baba yake huyo ndiye wa kuanzia kama tunataka kumjua mtoto.

William Drew Robeson alizaliwa mtumwa katika shamba moja la Carolina Kaskazini. Mwaka 1860, akiwa na miaka 15, alitoroka kuelekea kaskazini. Alijisomesha, akapata shahada katika Chuo cha Lincoln kule Pennsylvania, akawa mchungaji wa kanisa la Watu Weusi katika mji wa Princeton, New Jersey. Aliwaoza na kuwazika watu wa kanisa lake kwa zaidi ya miaka 20, kisha wakubwa wa dhehebu, Wazungu, wakamwondoa. Mchungaji akawa mtu wa kuzoa majivu kwa mkokoteni wa farasi katika mitaa ileile alimokuwa akihubiri. Mwanawe mdogo, Paul, aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1898, alikumbuka maisha yake yote kwamba hakumsikia baba akilalamika hata siku moja. Mama yake, Maria Louisa Bustill, mwalimu kutoka ukoo wa Watu Weusi huru waliopigana na utumwa, alikufa mwaka 1904 baada ya kaa la jiko kuwasha nguo yake. Paul hakuwa ametimiza miaka 6.

Mzee William alimlea kwa maneno. Jioni alimsimamisha mtoto akariri hotuba, amrekebishe matamshi, amuulize maana. Ile sauti ambayo dunia iliilipia fedha nyingi baadaye ilinolewa sebuleni, kwa mzee ambaye sheria ilikuwa imemkataza kujua kusoma alipokuwa mtoto.

Mwaka 1915 Paul alishinda ufadhili wa kusoma Chuo cha Rutgers, akiwa mwanafunzi Mweusi wa tatu katika historia ya chuo hicho. Alikwenda kujaribu timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi na kukumbana vifua. Siku ya kwanza ya mazoezi wenzake walimvamia kwa makusudi: pua ikavunjika, bega likateguka. Aliporudi uwanjani baada ya kupona, mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu chenye meno ya chuma, kucha zikang'oka. Alitaka kuacha. Kilichomrudisha ni funzo la baba kwamba hayuko pale kwa ajili yake peke yake. Nyuma yake kuna vijana wengi Weusi wanaosubiri mlango ule ufunguliwe. Akabaki, akawa mchezaji bora wa timu, akachaguliwa mara mbili, 1917 na 1918, katika kikosi cha wachezaji bora wa Marekani nzima. Darasani alipata alama za juu hadi kuingizwa katika jumuiya ya heshima ya wasomi, na mwaka 1919 ndiye aliyetoa hotuba ya kuaga kwa niaba ya wahitimu. Baba alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla.

Kumbuka kikosi hicho cha wachezaji bora. Tutakirudia.

Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Columbia, akijilipia kwa kucheza mpira wa kulipwa Jumapili. Mwaka 1921 alimwoa Eslanda Goode, mwanamke mwenye akili kali aliyekuwa akifanya kazi maabara hospitalini, na ambaye ndiye hasa aliyemsukuma jukwaani na kusimamia kazi yake kwa miaka mingi. Uanasheria haukudumu. Katika ofisi aliyoajiriwa, karani mpiga chapa alikataa kuandika maneno yanayotoka kinywani mwa Mtu Mweusi. Robeson akachukua kofia yake akaondoka, na sheria ikampoteza. Mwandishi wa tamthilia Eugene O'Neill alikuwa akimhitaji, na kufikia mwaka 1924 jina lake lilikuwa midomoni mwa wapenzi wa tamthilia wa New York.

Lakini mimi naona siku iliyomfanya Robeson kuwa Robeson ni tarehe 19 Aprili 1925. Usiku huo, katika ukumbi mdogo wa Greenwich Village, alisimama pamoja na mpiga piano Lawrence Brown wakaimba nyimbo za Watu Weusi tu, nyingi zikiwa zile za kiroho zilizotungwa na watumwa. Zilikuwa nyimbo za mashambani, za watu waliokatazwa kusoma, na wapo Weusi wasomi waliozionea haya kwa kuwa zilinuka utumwa. Robeson aliziimba kama mtu anayesoma nyaraka za ukoo wake. Hakuzipamba, hakuzifanyia kichekesho. Watu waligoma kuondoka. Yeye na Brown wakaendelea kuziimba pamoja kwa karibu miaka 40.

London ilimpokea mwaka 1928 katika *Show Boat*, na ule wimbo wa mchukuzi wa bandarini anayeutazama mto Mississippi ukamganda kama jina la pili. Mchukuzi wa wimbo huo alikuwa mtu aliyechoka, anayeogopa kufa, aliyekata tamaa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 Robeson alianza kuyabadilisha maneno akiwa jukwaani, taratibu, neno hapa neno pale, hadi mchukuzi akawa mtu anayeapa kupambana mpaka mwisho. Mtunzi wa maneno hakufurahi. Watazamaji walisimama. Kwangu hakuna jambo linaloeleza maisha ya mtu huyu kwa ufupi zaidi kuliko mabadiliko hayo ya maneno machache.

Uingereza haikuwa pepo. Mwaka 1929 mkahawa wa hoteli moja kubwa ya London ulikataa kumhudumia kwa ajili ya rangi yake. Mwaka uliofuata, katika jumba la maonyesho lililo jirani na hoteli hiyo, aliigiza Othello pamoja na Peggy Ashcroft, na magazeti yakahangaika kuliko yeye kuhusu Mtu Mweusi kumbusu mwanamke Mzungu jukwaani. Mwalimu wake mmoja wa sauti siku hizo alikuwa Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, yule mwigizaji Mweusi aliyeigiza Othello Ulaya karne nzima kabla yake. Mama huyo alimpa Robeson hereni ambazo baba yake alivaa katika mchezo huo.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, siku moja akitembea London, alisikia wanaume wakiimba barabarani kwa sauti nne zilizopangika vizuri. Walikuwa wachimba makaa ya mawe kutoka Wales, wasio na kazi, waliotembea kwa miguu hadi mji mkuu kuomba haki yao. Akajiunga na msafara, akaimba nao, akawalipia nauli ya treni ya kurudi kwao. Urafiki huo haukukatika. Mwaka 1938 aliwaimbia maelfu ya watu katika mji wa Mountain Ash, kuwakumbuka vijana wa Wales waliokufa vitani Hispania. Mwaka 1940 alitoka katika filamu *The Proud Valley* akiwa mchimbaji Mweusi miongoni mwa wachimbaji wa Wales. Ndiyo filamu aliyoionea fahari.

Na ile ya kijiji cha bandia? Ilipotoka mwaka 1935, Robeson aliona kilichofanywa kwenye meza ya mhariri. Ngoma alizozipenda zilikuwa zimegeuzwa pambo la hadithi ya afisa Mwingereza mwema anayewatuliza washenzi, na yeye, katika nafasi ya Bosambo, akaonekana kibaraka mwaminifu wa dola. Alijuta waziwazi. Alisema si filamu yake tena, akawa na tahadhari na wenye sinema tangu siku hiyo. Mtu angeweza kulaumu kwamba alipaswa kujua. Mimi namwelewa: alikuwa mtu mwenye kiu, na aliyemwonyesha maji hakumwambia kisima ni cha nani.

Afrika ya kweli alikuwa anaikuta kwingine, katika vyumba baridi vya kupanga vya London. Huko walikuwepo wanafunzi wa Afrika Magharibi, alikuwepo Kenyatta, alikuwepo C. L. R. James wa Trinidad, ambaye tamthilia yake kuhusu Toussaint Louverture ilionyeshwa mwaka 1936, Robeson akiigiza nafasi hiyo ya mkombozi wa Haiti. Mabaharia nao walimkalisha chini wakamweleza hali za bandari zao. Robeson mwenyewe alizoea kusema kwamba Afrika aliigundulia London.

Safari ya Moscow mwishoni mwa 1934 ilimbadilisha pia, na hapa ndipo penye ugumu wa hadithi yake. Akipitia Berlin, alizungukwa na wanamgambo wa Hitler kituoni. Macho yao, alisema, yalikuwa yale ya watu wanaotaka kuua bila hukumu. Moscow alipokewa kwa maua. Watoto walimkimbilia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisema, alitembea kama binadamu kamili. Mtu aliyekwishafukuzwa mkahawani kwa rangi yake hasahau nchi iliyomfungulia mlango. Lakini nchi hiyo ilikuwa ikiwaua watu wake yenyewe, na Robeson alikaa kimya.

Mfano mmoja hauwezi kurukwa. Juni 1949, akiwa Moscow, aliomba kumwona rafiki yake Itzik Feffer, mshairi Myahudi. Serikali ilimtoa Feffer gerezani, ikamvika nguo nzuri, ikampeleka hotelini. Mwanawe Robeson alisimulia miaka mingi baadaye kwamba chumba kilikuwa na vinasa sauti, kwa hiyo Feffer akazungumza mambo ya kawaida kwa mdomo huku kwa ishara za mikono akimweleza ukweli kwamba wenzake wamekamatwa, na kwamba yeye mwenyewe hana muda mrefu. Katika tamasha lake mjini humo Robeson aliimba kwa Kiyidi wimbo wa wapiganaji Wayahudi waliowapinga Wanazi, jambo la ujasiri mbele ya hadhira ile. Kisha akarudi Marekani na kuwaambia waandishi wa habari kwamba hakuona chuki yoyote dhidi ya Wayahudi Urusi. Feffer alipigwa risasi Agosti 1952. Mwaka huohuo Robeson alitunukiwa Tuzo ya Stalin, na Stalin alipokufa mwaka 1953 alimwandikia maombolezo ya sifa. Wanaompenda husema aliogopa kuwapa silaha maadui wa Watu Weusi nyumbani. Sababu hiyo naisikia, na bado naona alikosea, na kosa lenyewe lilikuwa kubwa kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa.

Nyumbani alikuwa amerudi mwaka 1939, vita vilipozuka Ulaya. Kwa muda Marekani ilimpenda. Oktoba 1943 alisimama tena kama Othello, safari hii Broadway, Mtu Mweusi wa kwanza kuigiza nafasi hiyo huko akiwa na waigizaji Wazungu. Mchezo uliendelea mara 296, idadi ambayo hakuna mchezo mwingine wa Shakespeare uliowahi kufikia Broadway. Walipozunguka nchi alikataa kuigiza katika ukumbi wowote uliowatenganisha watazamaji kwa rangi.

Alikuwa pia mwenyekiti wa Baraza la Mambo ya Afrika, chama kidogo cha New York kilichoanzishwa mwaka 1937, ambamo walifanya kazi W. E. B. Du Bois na Alphaeus Hunton. Wakati ambapo Wamarekani wengi waliijua Afrika kwa hadithi za Tarzan, baraza hili lilichapisha habari za migomo na ubaguzi, likachangisha chakula kwa wenye njaa wa Afrika Kusini mwaka 1946, likajaza viwanja vya mikutano kwa ajili ya uhuru wa makoloni. Kenya ilipotangaziwa hali ya hatari Oktoba 1952 na Kenyatta kutiwa mbaroni, ni watu wa baraza hili na gazeti la Robeson lililoitwa *Freedom*, ambamo kijana Lorraine Hansberry alikuwa akifanya kazi, waliosimama Harlem kuitetea. Yule chifu wa bandia na yule Bosambo wa bandia walikuwa sasa, kila mmoja kwao, wamekwisha kuitwa hatari kwa dola.

Hatari hiyo ilimpata Robeson kwa hatua. Mwaka 1946 alimkabili Rais Truman Ikulu, akidai sheria dhidi ya makundi yaliyowanyonga Watu Weusi bila hukumu, na akasema kama serikali haitawalinda, watajilinda wenyewe. Mazungumzo yakaishia hapo. Aprili 1949, kwenye mkutano wa amani Paris, shirika la habari lilimnukuu vibaya kana kwamba amesema Watu Weusi wa Marekani hawatapigana vita na Urusi. Nchi ikawaka. Kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti ikamwita hata mchezaji besiboli Jackie Robinson aje kumkana.

Kisha ikaja Peekskill, mji mdogo kaskazini mwa New York. Tamasha la tarehe 27 Agosti 1949 halikufanyika. Genge lilivamia uwanja, likapiga watu, likachoma viti na vitabu. Robeson akasema atarudi. Tarehe 4 Septemba walikuja watu wapatao 20,000, na wanachama wa vyama vya wafanyakazi, wengi wao waliotoka vitani juzijuzi, wakashikana bega kwa bega kuuzunguka uwanja mzima. Aliimba huku walinzi wamesimama nyuma yake kumkinga na risasi. Aliimba yote. Ni wakati wa kuondoka ndipo mtego ulipofyatuka: kwenye njia nyembamba ya kutokea, watu waliojipanga pande zote walirusha mawe kwenye mabasi na magari, na polisi wengine waliangalia tu. Zaidi ya watu 140 walijeruhiwa.

Baada ya hapo milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Kumbi zikakataa. Redio zikanyamaza. Mapato yaliyozidi dola 100,000 kwa mwaka yakaporomoka hadi elfu chache. Na kile kikosi nilichosema tutakirudia: katika vitabu vya rekodi za mpira, jina lake lilifutwa kwenye kikosi cha wachezaji bora, mwaka 1918 ukabaki na wachezaji 10 badala ya 11. Mtu aliyekanyagwa kucha ili apate nafasi ile alitolewa kwa kalamu.

Agosti 1950 Wizara ya Mambo ya Nje ikabatilisha pasipoti yake. Mawakili wake walipouliza sababu mahakamani, serikali ilijieleza kwa maandishi, na maelezo hayo yanafaa kusomwa na kila Mwafrika. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kwamba kwa miaka mingi Robeson amejishughulisha mno na siasa za kutafutia uhuru watu wa makoloni ya Afrika. Ukomunisti ndio uliopigiwa kelele magazetini. Kwenye karatasi ya mahakama, Afrika ndiyo iliyoandikwa.

Kwenda Kanada Mmarekani hakuhitaji pasipoti, lakini Januari 1952, wachimba madini wa Kanada walipomwalika Vancouver, maafisa walimzuia mpakani. Akawaimbia kwa simu. Halafu wachimbaji wakapata wazo. Tarehe 18 Mei mwaka huo, kwenye bustani ya Peace Arch iliyo juu kabisa ya mpaka, lori lilisimamishwa upande wa Marekani, likawekwa piano na vipaza sauti, na Robeson akapanda. Makumi ya maelfu ya watu, wengi upande wa Kanada, walikaa majanini. Hakuvuka mpaka hata kwa kidole cha mguu. Sauti ndiyo iliyovuka, na hakuna afisa aliyejua fomu gani ya kuizuia. Tamasha hilo lilirudiwa kila mwaka hadi 1955.

Waingereza nao wakafanya yao. Waya mpya wa simu ulikuwa umelazwa chini ya bahari ya Atlantiki mwaka 1956. Mei 1957 Robeson alisimama studio New York, na watu 1,000 waliojaa ukumbi wa St Pancras, London, wakamsikia. Oktoba ilikuwa zamu ya Wales: wachimbaji na familia zao, watu wapatao 5,000, walikaa katika ukumbi wa Porthcawl. Aliwaimbia kutoka ng'ambo ya bahari, kwaya yao ikamwitikia, na alisikia kila sauti.

Mbele ya kamati ile ya Bunge alifikishwa tarehe 12 Juni 1956. Mmoja akamuuliza kwa nini hakubaki Urusi kama aliipenda hivyo. Jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba baba yake alikuwa mtumwa, watu wake walikufa wakiijenga nchi hii, naye atabaki papo hapo na kuwa na sehemu yake kama wao. Hasira ilikuwa kwenye sauti, lakini matamshi yalikuwa yaleyale ya sebuleni kwa mzee William.

Juni 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri la mchoraji Rockwell Kent, kwamba serikali haina mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa imani zake. Robeson akarudishiwa yake. Akaimba London, katika kanisa kuu la St Paul's. Mwaka 1959 akaigiza Othello mara ya mwisho, Stratford. Desemba 1958 Eslanda alikuwa Accra, kwenye mkutano wa watu wote wa Afrika ulioitishwa na Nkrumah na kuongozwa na Tom Mboya wa Kenya, akiwa mmoja wa wanawake wachache waliohudhuria. Novemba 1960 Robeson alisimama Sydney kwenye jengo la opera ambalo halijaisha, akawaimbia mafundi wakila chakula cha mchana, waliokalia mabomba na mbao. Alikuwa mwimbaji wa kwanza wa jengo hilo.

Mwili ulikuwa umechoka, na akili imechoka zaidi. Machi 1961, Moscow, alijaribu kujiua. Katika hospitali moja London alipigwa umeme kichwani mara 54. Serikali ya Nkrumah ilimpa nafasi ya kufundisha chuo kikuu Ghana, afya haikumruhusu. Alirudi Marekani mwishoni mwa 1963, Eslanda akafa kwa saratani Desemba 1965, naye akahamia kwa dada yake Marian huko Philadelphia, akaishi kimya. Alipotimiza miaka 75 na rafiki zake wakajaza Carnegie Hall, alishindwa kuhudhuria; alituma salamu zilizorekodiwa. Alikufa tarehe 23 Januari 1976, na alizikwa kutoka kanisa la Harlem ambalo kaka yake Ben alikuwa mchungaji wake.

Jumba la kumbukumbu la wachezaji wa mpira wa vyuo lilimwingiza mwaka 1995. Miaka 19 ilikuwa imepita tangu azikwe.

Katika maisha hayo yote aligusa ardhi ya Afrika mara moja tu, mwaka 1937, alipokwenda Misri kupiga filamu ya *Jericho*. Mwaka mmoja kabla, Eslanda, aliyekuwa akisoma anthropolojia London, alimchukua mwana wao Pauli, mtoto wa miaka 8, wakasafiri kutoka Afrika Kusini hadi Uganda, akaandika safari hiyo katika kitabu kilichotoka 1945. Pauli alicheza na watoto wa Toro, huko Uganda. Baba yake, ambaye ndiye aliyekaa darasani na ngeli zetu, alibaki na mikataba ya kuimba, akasema atakwenda baadaye.